Bati Jipya, Kodi Mpya: Kisa cha Chumba Kimoja Mathare

Juni 2024 tulikarabati chumba cha shosho mmoja, yaani bibi mzee, hapa Mathare. Oktoba ya mwaka huo huo kodi ya chumba hicho ilipanda kutoka shilingi 2,000 hadi 3,500, na ilipofika Novemba shosho hakuwa akilala humo tena. Mimi ni katibu wa chama cha mtaa kilichofanya kazi hiyo. Naandika kisa hiki kwa sababu vikundi vingi vya Nairobi vinafanya kama tulivyofanya sisi: watu wanachanga, mabati yananunuliwa, siku ya kukabidhi watu wanaomba dua na kupiga picha, kisha wanahamia nyumba ya pili. Miezi sita baadaye hakuna anayerudi kuuliza ni nani analala ndani. Sisi tulijua kwa sababu mmoja wetu alikutana na shosho kwenye foleni ya maji, mahali ambapo hakupaswa kuwa anateka maji.

Nianze na mvua. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024, Mto Mathare ulifurika hadi watu wakapanda juu ya mapaa kusubiri mapambazuko. Mafuriko ya msimu ule yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Siku chache baadaye serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, tingatinga zikashuka bondeni, na familia zilizopoteza makao zikaahidiwa shilingi 10,000 kila moja zikaanze upya kwingine. Wengi walikwenda kwa ndugu, kwa kanisa, kwa shule. Wengi pia walirudi, kwa sababu kibarua chao kiko hapa.

Asiyeijua Mathare aelewe kwanza umbo lake, maana kisa chote kimo ndani ya umbo hilo. Ni bonde. Juu kabisa kuna Barabara ya Juja, na ukivuka barabara uko Eastleigh, ambako akina mama wetu wengi huenda asubuhi kutafuta kazi ya kufua. Chini kabisa kuna mto. Kodi hufuata mteremko: karibu na barabara chumba ni ghali, na kila unaposhuka hatua kadhaa bei nayo inashuka, mpaka unafika penye harufu ya maji na mabanda ya bei ya chini kuliko yote. Kwa hiyo mtu akiongezewa kodi Mathare, haendi mbali. Anashuka.

Shosho alikuwa katikati ya mteremko. Chumba chake kilikuwa nje ya zile mita 30, na maji yaliyomwingilia hayakutoka mtoni bali juu, kwenye mtaro ulioziba taka, yakapita chini ya ukuta wa nyuma usiku mzima. Anaishi na wajukuu wawili. Wakati huo mkubwa alikuwa darasa la sita. Kodi alilipa kila tarehe tano kwa simu, akimtumia keateka, yule anayemsimamia mwenye nyumba vyumba vyake, na kwa miaka minne hakuwahi kulala na deni. Kamati ilizuru nyumba kumi na moja wiki ile, na hakuna aliyebishana kuhusu kuanza na yake.

Chumba chenyewe ni futi kumi kwa kumi, kama vyumba vyote vya ploti ile, yaani vyumba vya kupangisha vya mwenye mmoja. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mabati ya geji 32, yale membamba, na sehemu ya chini ilikuwa imeliwa na kutu hadi ukiigusa inabaki mkononi kama majani makavu. Kutu ya Mathare hupanda kutoka chini. Bati likichomekwa moja kwa moja kwenye udongo linakunywa maji ya mtaro mwaka mzima, na baada ya miaka michache sehemu ya juu bado inang'aa wakati ya chini imeshakuwa vumbi. Ndiyo maana fundi wetu alikataa kupiga bati jipya mahali pa lile la zamani. Alisema tukifanya hivyo tutarudi baada ya mvua mbili. Akataka kwanza mstari wa mawe, yale ya kuchongwa yanayoletwa kutoka Ndarugu, yajengwe kwa saruji kuzunguka chini, kisha ukuta ukae juu ya jiwe. Sakafu nayo ikainuliwa kimo cha shibiri moja, ikamwagiwa zege.

Paa ndilo lililotuchukua muda. Tulinunua mabati ya geji 30, mazito kidogo kuliko yale ya 32, ya mita tatu. Msumari wa paa hupigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde lake, maana bondeni ndimo maji yanamopita, na tundu dogo likiwa na raba iliyochoka linatosha kulowesha godoro. Vijana waliokuja kujitolea hawakujua hilo, na fundi alishuka ngazi mara tatu kuwaonyesha kwa kidole kabla ya kuwaachia nyundo. Bati la tano halikuwa la chuma. Lilikuwa lile la plastiki linalopitisha mwanga, na wazo lilikuwa la mama mwenyekiti. Chumba hakikuwa na dirisha. Pande mbili zinapakana na majirani, mlango unafungukia ujia wa futi nne, na ukifunga mlango mchana ni usiku. Bati lile lilipokaa mahali pake, mjukuu mkubwa aliingia, akasimama katikati ya chumba na kuangalia mikono yake, juu na chini. Hakusema kitu. Alitoka, akarudi na daftari.

Vifaa vyote viligharimu shilingi 24,000, na naweka mchanganuo wake hapa kwa sababu tutauhitaji baadaye: mabati manne ya paa 5,000, bati la mwanga 1,800, mabati manne ya ukuta 4,200, mbao za sipresi 3,000, mawe 2,400, saruji mifuko minne 3,000, mchanga na kokoto 2,600, misumari na komeo 1,000, mkokoteni kutoka hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, 1,000. Kazi ya mikono haikulipwa. Fundi alitoa siku tatu zake, ambazo kwingine zingemletea 1,500 kila siku. Pesa zilitoka kwa wanachama, shilingi hamsini kila Jumapili, pamoja na mchango wa msikiti mmoja na kanisa moja ambayo yako hapa hapa mtaani. Hakuna mfadhili. Waliochanga wengi ni wapangaji kama shosho, na wapo waliochanga huku paa zao zikivuja.

Sasa kuhusu ruhusa. Tulimwuliza keateka. Alisema sawa, mwenye ploti hana neno, endeleeni. Hatukumpigia mwenye ploti mwenyewe. Tulikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya baridi ya Julai, na tulidhani hakuna mtu anayeweza kukataa kutengenezewa nyumba bure. Kweli hakukataa.

Tulivyopata habari

Mwanachama wetu alimwona shosho na mtungi wa lita ishirini kwenye kioski cha maji kilicho chini kabisa, hatua chache kutoka mtoni. Jioni ile tulishuka watu watatu. Alikuwa amepanga banda moja kati ya yale yaliyochipuka tena baada ya tingatinga kuondoka, kodi 1,500. Ukutani, juu kidogo ya kitanda, kulikuwa na mstari wa matope yaliyokauka, ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Ni alama ya maji ya Aprili kwenye mabati yaliyookotwa na kujengewa upya. Godoro lilikuwa chini ya mstari huo.

Shosho alitukaribisha kama wageni. Aliomba msamaha, na neno hilo lilituumiza kuliko kama angetukana. "Msinione sina shukrani, wanangu. Mlinifanyia kazi nzuri. Lakini keateka alikuja akasema nyumba sasa ni ya elfu tatu na mia tano, kwa sababu ni mpya." Mama mwenyekiti akamwuliza kwa nini hakuja kwetu. Akajibu kwamba tulishafanya sehemu yetu, na mtu hawezi kurudi kwa watu wale wale kila siku. Halafu akasema mjukuu alimwuliza siku ya kuhama kama wanaweza kwenda na lile bati la mwanga.

Tulipanda bonde kimya. Hesabu nilikuwa naifanya kichwani na sikutaka kuisema. Nyongeza ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 16, unapata 24,000. Yaani kwa mwaka mmoja na miezi minne mwenye ploti angekuwa amekusanya thamani yote ya mchango wetu, senti kwa senti, kutoka mfukoni mwa mpangaji mwingine, na mabati bado angekuwa nayo. Na yule tuliyemchangia alikuwa amesogezwa na mabati hayo hayo kutoka katikati ya mteremko hadi kwenye maji. Kama tusingemgusa, Novemba ile angekuwa bado analala mahali pake, chini ya paa linalovuja, nje ya mita 30.

Mambo matatu tuliyoyafikiria

Kikao cha chama kilichofuata kilikuwa na makelele, na kilistahili kuwa nayo.

Vijana walitaka tupande tung'oe mabati yetu. Hoja yao ilikuwa na uzito: risiti tunazo, pesa ni zetu, hatukumzawadia mwenye ploti. Lakini ndani ya chumba tayari kulikuwa na mpangaji mpya, binti mwenye mtoto wa miezi mitano, aliyekuja na kodi yake halali bila kujua lolote. Kung'oa paa lake ili kutetea paa la shosho ni kumfanyia yeye kile tulicholalamikia. Isitoshe, bati likishapigiliwa kwenye nyumba ya mtu bila maandishi, linakuwa sehemu ya nyumba hiyo. Hata kama haki ya moyoni ni yako, ukipanda na nyundo wewe ndiye utakayepelekwa kituoni. Nilipinga wazo hilo kwa nguvu zote na bado naamini nilikuwa sawa, ingawa nawaelewa waliokasirika.

Njia ya pili ilikuwa sheria. Watu wengi wa mitaa yetu hawajui kwamba ipo. Sheria ya Kodi za Nyumba, Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, inawalinda wapangaji wa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mpangaji wa kiwango hicho haongezewi kodi wala kufukuzwa kwa matakwa ya mwenye nyumba tu, maana lipo baraza la kodi la kusikiliza mambo hayo. Chumba cha shosho kilikuwa cha 2,000. Ushahidi pia ulikuwepo: hakuwa na daftari la kodi wala risiti hata moja, lakini simu yake ilikuwa na jumbe za M-Pesa za miaka minne, kila tarehe tano, 2,000. Hizo ni karatasi tosha, na namwomba kila mpangaji anayesoma hapa asizifute. Shida ni kwamba sheria inamsaidia zaidi mtu aliyekataa kutoka. Shosho alikuwa ameshatoka, kwa amani, bila barua. Nasi tulipomweleza habari ya baraza alitikisa kichwa. Hakutaka kesi. Siku ya kwenda kusikilizwa ni siku ya kufua iliyopotea, na mwenye ploti ni mtu ambaye shosho angeweza kumhitaji tena.

Ikabaki kuzungumza. Mwenye ploti anaishi Kayole. Tulikwenda Januari 2025, mama mwenyekiti, mzee wa mtaa na mimi. Alitupokea vizuri, akaagiza chai, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mama mwenyekiti, mimi nawaheshimu. Lakini hebu niambie, mlipokuwa juu ya nyumba yangu na nyundo, nani kati yenu alinipigia simu?"

Hatukuwa na jibu. Mzee wa mtaa ndiye aliyevunja kimya, akasema, "Hapo tulikosa, mzee mwenzangu."

Baada ya neno hilo mazungumzo yalibadilika. Mwenye ploti alitueleza jinsi anavyoiona ploti yake, na nadhani kila kikundi kinachotengeneza nyumba za watu kinapaswa kumsikia mtu kama yeye. Hana hati ya ardhi. Alinunua vyumba vile kwa mtu mwingine miaka mingi iliyopita kwa karatasi iliyoshuhudiwa na wazee. Tingatinga ikija hatalipwa. Kwa hiyo kila shilingi anayoweka pale anataka irudi upesi, na ndiyo maana aliezeka kwa geji 32. Kuweka bati la miaka ishirini juu ya nyumba usiyojua kama itamaliza mwaka, alisema, ni kuzika pesa. Keateka alipomwambia chumba kimoja kimekuwa kipya, alifanya kile ambacho angefanya mtu yeyote mwenye vyumba vya kupangisha: aliuliza vyumba vipya vya jirani ni bei gani.

Simtetei. Alijua aliyekuwa anaishi humo ni nani, na alijua pesa hazikuwa zake. Lakini hakuvunja ahadi yoyote, maana hatukumwomba ahadi. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya makao ya kufaa, na wajibu wa kutunza paa ulikuwa wa mwenye nyumba, si wa akina mama wanaochanga hamsini hamsini. Sisi tuliubeba wajibu wake, tukamkabidhi tunda lake, na hatukuacha hata mstari mmoja wa maandishi wa kumlinda yule tuliyekuja kwa ajili yake.

Wapo waliotutangulia katika jambo hili, na aibu yetu ni kwamba wako umbali wa kutembea kwa miguu. Kambi Moto, pale Huruma, miaka ya mwanzo ya 2000, wakazi wakiwa na Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda uliozaliwa mwaka 1996, walijenga nyumba za ghorofa za vyumba vidogo mahali palipokuwa na mabanda. Kabla ya kujenga walijihesabu, nyumba kwa nyumba, wakajua nani ni mwenye banda na nani ni mpangaji. Na waliketi hadi wenye mabanda mengi wakakubali kupata nyumba moja kila mtu, sawa na wapangaji wao. Zile kuta watu wanazokwenda kuzitazama zilikuja baadaye. Mimi nimepita pale mara nyingi nikisifu matofali. Sikuwahi kuuliza maneno gani yalisemwa kabla ya tofali la kwanza.

Tulichokubaliana

Mzee wa Kayole hakukubali kumwondoa yule binti mwenye mtoto, nasi hatukumwomba afanye hivyo. Alikubali kwamba chumba cha kwanza kitakachokuwa wazi kwenye ploti yake kitakuwa cha shosho, kwa 2,000, na kodi hiyo haitaguswa kwa miezi 24. Sisi tukakubali kuzibua na kujengea mtaro unaopita nyuma ya ploti nzima, kazi ambayo inawafaa wapangaji wake wote kumi na wawili na kuta zake zote. Safari hii tuliandika. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, sahihi yake, ya shosho, ya mwenyekiti, na mzee wa mtaa shahidi. Nakala tatu.

Chumba kilipatikana mwishoni mwa Februari. Ni cha nyuma, kidogo kina giza kuliko cha kwanza, lakini hakina mstari wa matope.

Karatasi ile ya ukurasa mmoja ndiyo sasa inatangulia kila msumari. Tumeirekebisha mara kadhaa. Kifungu kinachofanya kazi kuliko vyote ni cha hesabu: thamani ya vifaa inaandikwa, inagawanywa kwa miezi 24, na mwenye ploti akiongeza kodi au kumtoa mpangaji asiye na deni kabla ya muda, anarudishia chama sehemu ya miezi iliyobaki. Kwa kazi kama ya shosho ni shilingi 1,000 kwa kila mwezi. Akiongeza kodi mwezi wa kumi, anadaiwa 14,000. Hatujawahi kumdai mtu. Inatosha kwamba keateka anaijua namba hiyo, kwa sababu keateka ndiye huleta habari ya nyongeza mlangoni, na sasa naye hutia sahihi.

Tulihofia wenye ploti watakataa. Baadhi wamekataa, na wawili walituambia waziwazi kwamba wanataka mabati lakini hawataki karatasi. Hapo ndipo chama kiligawanyika tena. Je, mpangaji wa mtu mkaidi aachwe alowe kwa sababu ya kosa ambalo si lake? Tulifika mahali ambapo mimi binafsi naona ni pa haki: asipotia sahihi, hatugusi nyumba yake, lakini mpangaji tunampa kinachobebeka. Kitanda cha mbao chenye miguu mirefu, ili maji yakiingia watoto wasiamke wamelowa. Turubai nzito ya kufunika paa kwa ndani. Sanduku la bati la vitabu na vyeti vya kuzaliwa, maana baada ya Aprili tuliona familia zikihangaika miezi mingi kwa sababu ya karatasi zilizokwenda na maji. Vitu hivi havipandishi kodi ya mtu. Akihama, anahama navyo.

Na wale wa ndani ya mita 30? Hili bado linatuumiza. Tumeamua hatujengi pale, hata kama mwenye banda anatia sahihi. Ukimwekea mtu msingi wa mawe kando ya mto, umemwambia kwa vitendo kwamba mahali hapo ni salama, na si salama. Tunachofanya huko ni kuwatafutia vyumba juu na kuwaongezea amana ya mwezi wa kwanza. Familia nne zimepanda kwa njia hiyo. Wengine wanasubiri, na kila wingu likitanda Machi mama mwenyekiti halali, anapigia simu nyumba moja baada ya nyingine.

Makubaliano ya shosho yanaisha Februari 2027. Tumepanga kurudi Kayole Novemba kabla yake, tukiwa na risiti za mtaro na orodha ya miezi yote aliyolipa bila kuchelewa, tuzungumze mapema wakati hakuna aliyekasirika.

Chumba kipya hakikuwa na mwanga. Fundi alirudi na bati jingine la plastiki, lakini hakulipigilia. Alilifunga kwa bolti na nati, sita tu, na bati la chuma alilolitoa akalifunga kwa kamba na kulisukuma chini ya kitanda, likae huko mpaka siku ya kuhama. Katika karatasi bati la mwanga limeandikwa kuwa mali ya mpangaji. Spana ya kufungulia nati hizo inaning'inia kwa uzi nyuma ya mlango, na mjukuu mkubwa ameshafundishwa kuitumia.